Maziwa Katika Kabati la Nyoka

Sauti ya kwanza aliyoisikia Inspekta Karwirwa alipoingia kituoni asubuhi ile ilikuwa ya mtoto mchanga akilia, na ilitoka upande wa seli.

Alisimama kwenye kaunta, mkoba bado begani.

“Nani huyo analia huko ndani?”

“Ni katoto ka yule mama wa nyoka, Madam,” konstebo wa zamu alisema bila kuinua macho.

“Amekamatwa kwa kosa gani?”

“Huyo mama?”

“Huyo mtoto.”

Konstebo alihamisha kalamu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ilikuwa Julai, na baridi ya Meru ilikuwa imepita chini ya mlango na kutulia sakafuni. Karwirwa akavua koti lake zito, akamtupia.

“Mpelekee hilo. Kisha utafute maji ya moto. Nikirudi hapa nikute bado analia, wewe ndiye utamwimbia.”

Hakubisha mlango wa mkuu wa kituo. Kaimenyi alikuwa ameshika andazi mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili, naye alimtazama kama mtu aliyekuwa amemsubiri na kuomba asije.

“Kaa chini, Karwirwa. Hii kesi imeisha kabla hujaamka.”

“Niambie ilivyoisha.”

“Unamjua Mzee Kailemia, mwenye ile ploti ya nyuma ya soko? Amepatikana kitandani alfajiri, amekufa. Mguuni ana mashimo mawili. Kifuani kwake kuna nyoka amejikunja. Nyoka ni wa mpangaji wake, Ednah Gitari, mwalimu wa sayansi. Si mtu wa hapa, ametoka Manyatta, huko Embu. Anafuga nyoka chumbani kama vile sisi wengine tunavyofuga kuku.” Kaimenyi akauma andazi. “Watu walikuwa wamebeba petroli. Kumweka ndani ni kumwokoa.”

“Umemwokoa, kisha ukamwandikia kosa la kuua bila kukusudia.”

“Gari la mahakamani linaondoka saa nane. Mtoto atachukuliwa na watu wa ustawi wa watoto. Hakuna aliyetaka iwe hivyo.”

“Daktari ameuona mwili?”

“Mashimo mawili, Karwirwa. Hata mtoto wa nasari anajua hiyo ni nini.”

“Nimeuliza kama daktari ameuona mwili.”

“Uko mochari.”

Karwirwa alitoa simu na kumpigia daktari palepale, akiwa amesimama mbele ya meza ya bosi wake. Alitaka mwili uangaliwe leo. Macho, pua, na hayo mashimo. Alipokata, Kaimenyi alikuwa tayari amesukuma simu yake mwenyewe mezani, picha ikiwa wazi. Ilionyesha bakuli la udongo ndani ya kabati la kioo. Ndani ya bakuli kulikuwa na kitu cheupe.

“Hayo ni maziwa,” Kaimenyi alisema. “Na huyo mwanamke ananyonyesha. Watu wa ploti wanasema anampa nyoka maziwa yake mwenyewe. Sasa wewe mpeleke kwa hakimu umwambie huyo ni mwalimu wa sayansi.”

“Watu gani wanasema?”

“Kila mtu.”

“Kila mtu hana kitambulisho. Nipe jina.”

Kaimenyi akafuta vidole. “Mutuma. Mpwa wa marehemu. Ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyemwondoa huyo nyoka kifuani kwa fimbo.”

*

Ednah aliletwa kwenye chumba cha mahojiano pamoja na mwanawe, Wawira, ndani ya koti la Karwirwa. Mtoto alikuwa amenyamaza. Mama yake hakuwa na chozi hata moja. Alikuwa na mkwaruzo shavuni na kiatu kimoja.

“Polisi wenu wameniambia nilie nikifika kortini, ati hakimu atanihurumia,” alisema kabla hajaulizwa kitu. “Sitalia. Kama mnataka kulia, lieni nyinyi.”

“Nieleze hilo kabati,” Karwirwa alisema. “Kila kitu kilichokuwa ndani, na kilikaa wapi.”

“Mtu amekufa, na unataka kujua nyoka wangu analala vipi?”

“Nataka kujua aliyeligusa. Siwezi kujua alichogusa kama sijui lilivyokuwa kabla yake.”

Ednah akamlaza mtoto begani, na alipoanza kusema, hasira yake ilipata njia ya kupitia.

“Kabati lilikuwa la bucha. Rashid, yule wa hapo mbele ya ploti, alinunua jipya, akanipa la zamani. Nilikaa likizo nzima nikilisugua, maana harufu ya nyama ingemfanya asitulie. Upande mmoja nimeweka balbu ile nyekundu ya kulea vifaranga. Imezungushiwa waya asiiguse akaungua. Upande wa pili hauna kitu cha joto, kwa sababu nyoka hawezi kujipasha wala kujipoza mwenyewe kama sisi. Akisikia baridi anaenda huku, akisikia joto anaenda kule. Lazima achague. Kipimajoto nilinunua duka la dawa za mifugo, ni kile cha kutotolea mayai.”

“Sakafuni?”

“Magazeti. Nilijaribu vumbi la mbao akawa anapumua vibaya, nikaliondoa siku hiyo hiyo. Kuna visanduku viwili vya kujificha, kimoja upande wa joto, kimoja upande wa baridi. Ukimpa kimoja tu, atakaa pale anapojificha hata kama anateseka. Yaani atachagua usalama aache afya. Bakuli ni la udongo, zito, asilipindue. Linakaa upande wa baridi. Stima ikipotea nafunga chupa ya maji moto ndani ya sweta ya Wawira namwekea.” Akamhamishia mtoto bega la pili. “Kibali cha KWS, wale wa wanyamapori, kiko ukutani kwa fremu. Namtembeza shuleni, watoto wanamshika, wanaacha kuua kila nyoka wanayemwona. Anaitwa Kimya. Ni chatu. Hana sumu. Nimemwambia kila polisi aliyenishika mkono kwamba chatu hana sumu.”

“Walisemaje?”

“Waliniambia ninyamaze.”

“Kabati linafunguliwa vipi?”

“Kwa nyuma, kama makabati yote ya bucha, pale anaposimama muuzaji. Lakini hilo limechoka. Ni lazima uuinue mlango kidogo ndipo uusukume. Ukivuta tu haufunguki. Na lina kufuli. Mzee Kailemia, Mungu amrehemu, alikubali nimfuge kwa sharti kwamba kufuli anunue yeye na ufunguo mmoja ubaki kwake. Kila jioni alikuwa anapita kulitikisa.” Kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. “Alikuwa anamwambia Kimya, lala salama, mpangaji.”

“Jana jioni ulikuwa wapi?”

“Hospitali. Mtoto alikuwa na homa. Nilirudi amelala mikononi, nikashika kufuli, nikalikuta limefungwa. Nikalala na nguo zangu. Nilichosikia baadaye ni mawe juu ya mabati.”

Karwirwa akamwonyesha picha ya bakuli.

Ednah aliitazama, akaisogeza karibu, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. “Hayo ni maziwa. Nyoka anywe maziwa ya nini? Chini ya joto lile yatachacha yanuke chumba kizima. Aliyeweka hayo hajui nyoka anaishi vipi. Anachojua ni kumwogopa.”

“Wanasema ni maziwa yako.”

Konstebo wa mlangoni alihamisha mguu. Ednah alimfunika mtoto masikio kwa kiganja, kana kwamba angeelewa.

“Waambie,” alisema polepole, “maziwa yangu hayamtoshi hata huyu.”

*

Ploti ya Mzee Kailemia ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati na uwanja wa saruji katikati. Kila dirisha la chumba cha Ednah lilikuwa limevunjwa. Ukutani kulikuwa na maandishi ya makaa: RUDI EMBU NA SHETANI WAKO. Chini yake, kibali cha KWS kilikuwa sakafuni, fremu imekanyagwa.

Lakini kabati lilikuwa zima. Hakuna aliyethubutu kulikaribia. Lilisimama katikati ya chumba, limeachana na ukuta, balbu nyekundu bado inawaka. Karwirwa alivaa glavu, akazunguka nyuma. Kufuli lilikuwa limefungwa na halikuwa na mkwaruzo wowote. Alilifungua kwa ufunguo wa Ednah, akauvuta mlango. Ulikataa. Akavuta tena, kioo kikalia. Ilibidi ayakumbuke maelekezo ya Ednah, auinue ndipo uteleze.

Kisanduku cha upande wa joto kilikuwa kimefunuliwa, na kifuniko chake kimelazwa kando taratibu. Aliyekifunua hakuwa na pupa. Alikuwa na heshima, au woga.

Bakuli lilikuwa limehamishwa. Ednah alisema linakaa upande wa baridi, na sasa lilikuwa mbele kabisa ya kisanduku cha joto. Mtu alikuwa amemsogezea nyoka chakula mlangoni. Karwirwa aliliinua, akanusa. Maziwa yalikuwa yamechacha, na utando mnene wa malai umekauka juu kama karatasi. Chini ya harufu ya kuchacha kulikuwa na harufu nyingine.

Moshi.

Alisimama wima. Maziwa ya mama hayachemshwi kwa kuni. Ednah alikuwa na mtungi wa gesi na sufuria mbili. Alichungulia uwanjani. Vyumba vyote vilikuwa na mitungi milangoni. Mwishoni kabisa, nyuma ya chumba cha marehemu, kulikuwa na jiko la mabati lililotoa moshi.

“Umeona sasa? Umeona uchafu huo?”

Mutuma alikuwa mlangoni, amevaa suti ya kanisani na tai nyeusi. Hakuvuka kizingiti. Alinyoosha kidole kutoka pale nje.

“Ingia,” Karwirwa alisema.

“Mimi siingii humo. Sijawahi kuingia humo. Hata hilo sanduku sijui linafanana vipi kwa karibu, na sitaki kujua. Mimi nimeokoka, Madam.”

“Hongera. Ulimkuta mjomba wako vipi?”

“Nilienda kumpelekea chai. Hiyo nyoka ilikuwa imelala kifuani kwake. Nikaikemea kwa jina la Yesu, nikaiinua kwa fimbo, nikaitupa nje. Haikunifanya kitu. Nina imani.”

“Funguo za mzee ziko wapi?”

Alizitoa mfukoni haraka mno. Lilikuwa bunda kubwa, funguo za vyumba vyote, na katikati ule mdogo wa kufuli la kabati, wenye alama ya rangi nyeupe kama wa Ednah. “Nilizivua mkandani mwake asubuhi. Mtu lazima aangalie ploti.”

“Ploti ambayo ni ya nani sasa?”

Shavu la Mutuma likaruka kidogo. “Ya familia. Lakini kama unatafuta funguo, muulize yule Rashid wa bucha. Kabati lilikuwa lake, si ndiyo? Mtu hawezi kutoa kabati akose ufunguo wa ziada. Na asubuhi watu walimwona akitoka hapa na gunia. Muulize alibeba nini.”

“Nitamuuliza,” Karwirwa alisema. “Leta hizo funguo.”

Jikoni alimkuta Gladwell, binti ya marehemu, amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Alikuwa ameachana na mume wake huko Mikinduri na kurudi kwa baba yake. Alikuwa akichochea moto usio na sufuria juu.

“Pole, dada.”

“Usiniambie pole. Niambie ni nani.”

Karwirwa alichuchumaa. “Jana ulichemsha maziwa?”

“Nachemsha kila jioni. Kuna mbuzi wawili hapo nyuma.” Gladwell alikunja uso. “Kwa nini?”

“Baba yako alikunywa?”

“Baba hanywi maziwa. Yanamvuruga tumbo. Yeye ni chai ya strungi tu tangu nikiwa mtoto. Nilimwekea Mutuma kikombe, yangu nikanywa. Asubuhi kikombe cha Mutuma hakikuwepo, nikadhani amekiacha chumbani kwake.”

“Nyinyi wawili mlilelewa pamoja?”

“Kwa nyanya, Mikinduri.” Gladwell akaona jinsi Karwirwa alivyomkazia macho. Kisha akasema, kama mtu anayeokota kitu alichokisahau kwa miaka: “Nyanya hakukubali nyoka auawe akiingia nyumbani. Alisema unaweza kuwa unaua mtu wa ukoo. Alikuwa anamwekea maziwa ya moto mlangoni, ndipo anamwondoa. Alikuwa akisema ukimtoa mahali pake bila kumpa kitu, atakufuata hata ukivuka mto.” Akarusha kijiti motoni. “Mutuma anawahubiria watu kwamba hayo ni ya shetani. Mimi mwenyewe siyafanyi.”

“Lakini mnayajua wote wawili.”

“Tunayajua wote wawili,” Gladwell alisema, na macho yake yakawa makali. “Na ukitaka kunikamata, mimi hapa. Baba alisema Jumatatu angeenda kwa wakili, ploti iandikwe jina langu. Mutuma alipiga meza hadi vikombe vikaruka. Sasa niambie, kati yetu ni nani alihitaji afe kabla ya Jumatatu?”

*

Rashid alikuwa akikata mbavu, na hakuacha kukata.

“Gunia, ndiyo. Nilibeba gunia. Kwani wamekataza magunia?”

“Ndani kulikuwa na nini?”

“Kabla sijakwambia, wewe niambie. Wale vijana waliorusha mawe kwenye chumba chenye mtoto, umekamata wangapi?”

Karwirwa aliziangalia mbavu zilizokatwa.

“Basi.” Shoka likashuka. “Mimi nimezaliwa mji huu, babangu amezikwa mji huu. Yule mwalimu amekaa hapa mwaka mzima, anawapa watoto wa ploti masomo ya bure jioni. Leo hakuna hata mmoja aliyemfungulia mlango. Mke wangu Zuleka ndiye alimvuta mtoto kwa dirisha, polisi wakaja wakamrudisha kwa mama yake seli. Sasa unataka kujua gunia.”

“Nataka ufunguo wa kabati.”

“Sina. Kabati halikuwa na kufuli. Nyama haifungwi kwa kufuli, dada, unafunga duka. Kufuli alileta Mzee mwenyewe.” Akaweka shoka chini mwishowe. “Kuja.”

Nyuma ya bucha kulikuwa na jiko kubwa la supu ya mifupa, likitokota. Kando yake, mbali kidogo na makaa, palikuwa na katoni iliyofunikwa kanga. Rashid aliinua pembe. Chatu, mrefu kama fimbo ya mzee, alikuwa amejikunja ndani ya gunia lililokunjwa, rangi zake za kahawia na dhahabu zikipanda na kushuka kwa pumzi. Pembeni mwa shingo alikuwa na jeraha bichi la fimbo.

“Mwalimu alinifundisha. Joto upande mmoja, asichomeke. Nilimkuta amelala kwenye saruji, baridi kama barafu, hawezi hata kujivuta. Walikuwa wanamtafutia petroli yake.” Rashid alifunika tena. “Mimi namwogopa hadi leo. Lakini mtu akikutunzia kitu, si unatunza?”

Simu ya Karwirwa ilitetema. Alikuwa daktari. Alisikiliza, akauliza swali moja, akasikiliza tena.

“Bwana Rashid,” alisema alipokata, “una gari la kubeba nyama?”

*

“Si ofisini kwangu,” Kaimenyi alisema.

Kabati lilikuwa tayari katikati ya ofisi yake. Rashid na konstebo walikuwa wakihema, katoni ya Kimya ikiwa kando yao.

“Ni kielelezo, na kinahitaji umeme,” Karwirwa alisema. “Ofisi yako ndiyo yenye soketi inayofanya kazi. Nilikuandikia kuhusu hizo zingine mwezi wa tatu.”

Alimweleza alichoambiwa na daktari, na hakushusha sauti ingawa mlango ulikuwa wazi. Mashimo ya mguuni hayakutoa damu, kwa hiyo yalichomwa moyo ukiwa umeshasimama, kwa kitu kama sindano ya kushonea magunia. Macho yalikuwa na vidoa vyekundu, na puani kulikuwa na nyuzi za mto wa kulalia. Mzee Kailemia alizibwa pumzi akiwa usingizini.

Kaimenyi alikaa.

“Sawa,” alisema. “Ameuawa. Hiyo inafanya iwe mbaya zaidi kwa mwanamke. Nani mwingine angeweza kumshika huyo nyoka? Ndugu zake marehemu wote wanakimbia. Rashid hapa anatetemeka akiwa mbali naye. Mwalimu peke yake ndiye asiyeogopa. Gari ni saa nane, Karwirwa, nami sijaona kitu cha kulizuia.”

“Ndiyo maana nataka kuona mtu anayeogopa anamshika vipi.”

Ednah aliletwa. Mtoto akachukuliwa na Rashid, ambaye alimshika kama anavyoshika mizani. Ednah hakuuliza kitu. Aliona kabati, akaona jeraha la Kimya, akaikaza midomo. Kisha akaanza kazi. Alitoa magazeti yaliyochafuka, akatandika mapya, magazeti ya Kaimenyi. Akarudisha waya wa balbu, akangoja, akakisoma kipimajoto, akasogeza balbu juu kidogo, akangoja tena.

“Unachelewesha,” Kaimenyi alisema, akitazama saa ya ukutani.

“Nikimweka kabla halijapata joto atakufa, na mtasema nimeharibu ushahidi,” Ednah alijibu bila kugeuka. “Mmeninyima kiatu, mmeninyima usingizi. Hili hamtaniharakisha.”

Kaimenyi akainuka, akaenda mbele ya kabati na kushika ukingo wa kioo, labda kuonyesha kwamba ni yake ofisi. Akavuta, hakikusogea. Akatafuta mpini, hakuuona. Karwirwa alimtazama tu. Kaimenyi akakiacha, akarudi kuketi.

Ednah aliosha jeraha la Kimya kwa maji ya chumvi, akamwelekeza kwenye kisanduku cha joto. Nyoka aliingia polepole, kichwa, shingo, mwili, kama kamba inayovutwa na mtu asiye na haraka. Aliponyoosha mkono kuchukua bakuli la udongo upande wa baridi, maziwa yake yakiwa yameshatiwa kwenye chupa ya ushahidi, alijaze maji, Karwirwa alitikisa kichwa.

“Liache ndani hivyo hivyo. Tupu.”

Ednah akafunga mlango wa nyuma. Kisha Karwirwa akamwita Mutuma, na nyuma yake Gladwell.

Mutuma aliingia na Biblia kwapani. Alipoona kabati alisimama, akavuta tai.

“Umesema ulimwinua nyoka huyu kifuani kwa mjomba wako,” Karwirwa alisema. “Kwa fimbo na kwa imani.”

“Ndivyo.”

“Mkuu wa kituo hapa anasema hakuna mwingine anayeweza kumshika ila huyu mwalimu. Mimi namwambia wewe unaweza, kwa ushuhuda wako mwenyewe. Tuonyeshe. Mtoe humo.” Akamkabidhi fimbo.

“Saa hizi?”

“Au hukumshika? Ulimwona tu amelala? Maana hiyo itabidi niiandike upya, na nitataka kujua alitokaje nje.”

Mutuma aliangalia mlango, akamwangalia Kaimenyi, na Kaimenyi hakumpa msaada wowote. Gladwell alikuwa amesimama nyuma yake akiziba njia. Mutuma akaweka Biblia mezani.

Alizunguka nyuma ya kabati. Hakutazama kioo cha mbele hata mara moja. Akashika mlango kwa vidole viwili, akauinua kidogo, akausukuma. Uliteleza bila sauti.

Mkuu wa kituo akasimama taratibu kutoka kwenye kiti chake.

Mutuma hakuliona hilo. Alikuwa akitazama kisanduku cha joto na ile sehemu ya mwili iliyoonekana ikipumua kizani. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake. Fimbo ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mkono wake wa pili ulinyooka, ukagusa ukingo wa bakuli la udongo, ukalisogeza hadi mbele ya kisanduku, kisha ukarudi nyuma.

“Hakuna kitu humu,” alisema, sauti yake ikiwa ndogo. “Bakuli ni tupu.”

“Ulitaka liwe na nini?” Karwirwa akauliza.

Mutuma aligeuka, na kwa mara ya kwanza akaona nyuso zote, na mahali alipokuwa amesimama, na mlango alioufungua.

“Kikombe nilichokuwekea, Mutuma,” Gladwell alisema. Alisema kwa Kimeru, na kila mtu pale alielewa. “Ulimwogopa nyoka ukampa maziwa. Baba hukumpa hata nafasi ya kuamka.”

Alimrukia. Rashid alikuwa na mtoto mikononi na hakuweza kumzuia, na Karwirwa hakuharakisha. Alimwacha ampige kofi moja, ndipo akamshika mkono. Konstebo akamfunga Mutuma pingu. Mutuma alikuwa akiongea, maneno mengi, shetani na ploti na Jumatatu, na funguo alizozichukua jana jioni mwalimu akiwa hospitali, lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye mlango wa kabati ulioachwa wazi.

“Ufungeni,” alikuwa akisema. “Jamani, ufungeni.”

Walipomtoa, Ednah ndiye aliyeufunga. Akamchukua Wawira kutoka kwa Rashid, akambana kifuani. Bado hakulia.

Nje honi ya gari la mahakamani ililia. Kaimenyi alienda dirishani, akampungia dereva aende.

“Mwalimu,” Kaimenyi alisema alipogeuka. “Kuna kitu kingine hapo kinahitajika?”

Ednah alimnyooshea lile bakuli la udongo.

“Maji,” alisema. “Ulisugue kwanza. Halafu maji tu.”

Mkuu wa kituo alilipokea kwa mikono miwili na kutoka nalo kwenda kwenye mfereji. Alipita mbele ya kaunta na ya mahabusu wote waliokuwa wakichungulia, akiwa amelishika bakuli mbali na shati lake. Karwirwa alisimama mlangoni kuhakikisha kwamba analisugua.